Alama 1390 alizotaka kuzificha

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu akiwa amekwama kwenye swali moja la fomu ya chuo: unataka alama zako za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, zizingatiwe, ndiyo au hapana? Kidole kilishaelekea hapana. Ana 1390 kati ya 1600, na tovuti ya chuo inaonyesha kwamba nusu ya katikati ya waliopokelewa wana 1440 hadi 1540. "Dada, si nitajiaibisha tu?"

Nikamwambia asibonyeze kwanza. Mwaka 2021, vyuo vingi vya Marekani vilipokuwa vimeifanya SAT kuwa hiari kwa sababu ya korona, mimi nilikuwa na 1410, nikaona haya, nikaficha. Chuo nilichokililia kikanikataa. Sidai kwamba alama zile zingenivusha. Ila mwaka 2024 chuo cha Dartmouth kule Marekani walirudisha ulazima wa mtihani, wakaeleza kuwa baadhi ya wanafunzi wa familia za kipato kidogo walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Niliisoma taarifa ile mara mbili, na iliniuma.

Basi nikamweleza mdogo wangu. Kwanza, zile namba za tovuti ni za waliotuma alama tu. Wenye alama za chini wamenyamaza, kwa hiyo namba lazima ipande. Pili, na hili ndilo nililolisisitiza sana, anayesoma maombi yako haisomi alama peke yake. Mshauri wa shule hutuma pia waraka unaoieleza shule yenyewe. Nikamwambia aufungue wa kwao. Akasoma polepole: wastani wa SAT, 990. Kimya. Halafu akasema, "Kumbe nimewazidi kwa 400."

Na anaomba uhandisi! Katika ile 1390, hisabati ni 740. Utaifichaje 740 ya hisabati kwa watu wa uhandisi?

Vyuo vyake viwili vya University of California tuliviruka, maana vyenyewe havitazami alama hizo kabisa vinapochagua wa kupokea. Kwingine kote kwenye orodha yake wanakubali ujaze alama mwenyewe, ripoti rasmi ije ukishapokelewa, kwa hiyo hata ada ya kutuma haikuwa kikwazo.

Nikasikia kipanya kikibonyezwa. "Nimeweka ndiyo."

Tukahamia kwenye insha. Mwisho ni maneno 650, yeye ameandika 800, na aya anayokataa kuifuta ni ile ya bibi.