Shairi la Kuziba Nafasi

Profesa alituuliza swali hata kabla hatujavua makoti. Karani ameajiriwa kunakili mikataba ya mauzo, mikopo na mahari. Inakuwaje katikati ya kazi anaandika shairi la mapenzi?

Tulikuwa katika hifadhi ya nyaraka za serikali mjini Bologna, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa makazi ya watawa Waselestini. Kozi yetu ilihusu ushairi wa Italia wa karne ya 13 na namna wasomaji wake wa kwanza walivyoupokea. Miezi ya mwanzo tulikuwa tumeshinda na ile mikusanyo mitatu mikubwa ya zamani, mmoja uko Vatikani na miwili Florence. Huo wa Vatikani peke yake una mashairi yapata elfu moja. Ni hazina kweli, lakini ni vitabu vya watu waliokaa kitako wakiwa na nia ya kukusanya mashairi. Bologna ni habari nyingine kabisa. Huku mashairi yamelala ndani ya madaftari ya serikali.

Madaftari hayo yanaitwa Memoriali. Yalianzishwa mwaka 1265, mwaka uleule aliozaliwa Dante, mshairi mkuu wa Italia, kwa sababu watu walikuwa wakighushi mikataba. Sheria ikatoka kwamba mkataba wowote unaozidi lire 20 za Bologna uletwe ofisini, na makarani wenye leseni ya unotari, yaani kuthibitisha hati, waunakili kwenye daftari la mji. Waliosimamia mpango huo ni watawa wawili, Loderingo degli Andalò na Catalano dei Malavolti. Hao hao Dante alikuja kuwatia katika utenzi wake wa Jehanamu, kanto (wimbo) ya 23, pamoja na wanafiki, wakitembea chini ya majoho yanayong'aa dhahabu kwa nje na ndani ni risasi tupu. Kosa lao lilikuwa la siasa za Florence, si la madaftari. Hata hivyo kila nikiyataja madaftari nawakumbuka na majoho yao.

Turudi kwenye swali. Wenzangu walijibu kama wanafunzi wa fasihi wanavyojibu. Mmoja alisema karani alikuwa amechoka na kazi, mwingine akasema alikuwa na mchumba, na mwingine akatoa nadharia ndefu ambayo mwisho wake sikuuelewa. Mimi nilinyoosha mkono nikasema alikuwa anaziba nafasi.

Jibu hilo sikulisoma popote. Baba yangu alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo huko Tanga, na tangu utotoni nilimwona akipiga mstari wa mshazari kwenye kila sehemu ya karatasi iliyobaki tupu. Nilipomuuliza kwa nini anaharibu karatasi safi, alinijibu: "Ukiacha nafasi, kuna mtu ataijaza." Kwa mtu aliyekulia nyumba ile, swali la profesa halikuwa gumu. Ukiacha vidole vitatu vya ngozi tupu ya kuandikia chini ya mkataba wa shamba, kesho utakuta shamba limeongezeka.

Profesa alitikisa kichwa kukubali, kisha akanigeuzia swali. Mstari ungetosha, alisema, na makarani wengi walichora mistari tu. Wengine waliandika sala au methali za Kilatini. Shairi lina kazi, lazima ulikumbuke na ulipange. Huyu kwa nini alijisumbua?

Hapo sikuwa na jibu.

Mtunza nyaraka alileta daftari la mwaka 1287, akalilaza juu ya mto. Tuliambiwa tusiguse. Maandishi yalikuwa ya wino wa kahawia, madogo, yamejaa vifupisho, Kilatini juu hadi chini. Kisha ghafla lugha inabadilika. Hakuna kichwa wala jina la mtunzi. Karani alikuwa Enrichetto delle Querce, na alichoandika ni soneti, shairi la mistari kumi na minne, inayoanza *No me poriano zamai far emenda*. Mshairi anayalaani macho yake: yalikodolea mnara wa Garisenda, ule uliopinda pale katikati ya mji, yasimtambue aliye mkuu kuliko wote wanaotajwa. Yapofuke tu, anasema, maana fidia yake haipatikani.

Mwenzetu mmoja wa hukohuko Bologna alianza kusoma kwa sauti akakatizwa na kicheko chake mwenyewe. Alisema anamsikia bibi yake. Soneti hiyo hati za baadaye zinaitaja kuwa ya Dante, Mflorensi, ambaye mwaka 1287 alikuwa kijana wa miaka 22 hivi asiye na jina. Lakini hapa imeandikwa kwa matamshi ya Bologna. Enrichetto ameipitisha mdomoni mwake ndipo ikafika kwenye kalamu. Mimi naamini aliijua kwa moyo, ingawa profesa hakutaka kwenda mbali hivyo. Alisema karani wa Bologna angeweza pia kunakili kutoka karatasi na bado akaandika kama anavyosema. Sawa. Ila mtu hawezi kunikinaisha kwamba aliyeziba nafasi kwa shairi alikuwa halipendi.

Tulifunuliwa pia habari ya daftari la 1292, ambamo karani mwingine, Pietro Allegranze, alinakili *Donne ch'avete intelletto d'amore*. Hili nalo ni la Dante, na limo humo kabla kitabu chake cha *Vita nuova* hakijaenea kwa watu. Miaka mingi baadaye, katika utenzi wake wa Toharani, kanto ya 24, Dante anakutana na roho ya mshairi Bonagiunta wa Lucca, nayo inamuuliza kama yeye ndiye aliyetoa mashairi mapya yanayoanza kwa mstari huo. Kuna wasomaji wanaodhani Dante hapo anajipigia debe. Basi waende Bologna wakaone: shairi lilikwishafika ofisini, kwa watu wasiomjua hata kwa sura.

Nikiwa pale nilimkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa. Yeye alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake zilibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandikia maelezo kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor. Diwani ikachapishwa 1940, Hichens akiihariri. Mashairi ya Bologna yalingoja zaidi, maana Giosuè Carducci, mshairi na msomi wa Italia, ndiye aliyeyatoa hadharani, mwaka 1876. Tofauti ni kwamba Muyaka alikuwa na watu wanaomkumbuka kwa jina. Soneti ya Garisenda ilitunzwa na sheria ya kuzuia ughushi, na hakuna aliyekusudia kuitunza.

Jioni tulikwenda kuutazama mnara wenyewe. Siku zile uzio wa usalama wa kuuzunguka ulikuwa bado haujawekwa. Garisenda leo una mita 48, kwa kuwa karne ya 14 ulipunguzwa ukihofiwa kuanguka, na Asinelli ulio jirani una mita 97. Hapo chini ubishi ukazuka, uleule wa wataalamu: aliye mkuu ambaye macho hayakumtambua ni mwanamke aliyepita, au ni mnara wa Asinelli wenyewe? Mimi nilisimama upande wa mwanamke. Yule wa Bologna alisema Mbolonya yeyote angesema ni mnara, na kwamba Enrichetto hakuliweka shairi daftarini ila kwa kuona mgeni amekuja mjini akatazama mnara mdogo. Lilikuwa jibu zuri kwa swali la asubuhi kuliko yote tuliyotoa, na profesa hakuwepo kulisikia.

Usiku nilimpigia baba simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia yote, mto, ngozi, karani, shairi. Alisikiliza kimya mpaka nilipomaliza.

"Na mkataba wenyewe ulihusu nini?"

"Upi, baba?"

"Ule wa juu yake."

"Sikuusoma."

"Na wenzako?"

"Hakuna aliyeusoma."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema masikini mtu wa watu, amelipa ada yake, amepanga foleni mkataba wake uingie daftarini, halafu wasomi wanatoka hadi Afrika kuja kusoma kilichowekwa ili yeye asiibiwe.

Wiki iliyofuata niliomba picha ya ukurasa ule mzima, nikaanza kujifunza vifupisho vya Kilatini vya makarani wa Bologna. Ni vigumu kuliko Dante.