Alikuwa Anaondoka

Video ile ya hotelini niliitazama mara moja tu na sina mpango wa kuirudia. Kamera ya ulinzi iliinasa Machi 2016 katika hoteli moja ya Los Angeles, dunia ikaja kuiona Mei 2024 CNN walipoirusha. Mwimbaji wa Marekani Cassie Ventura anatoka chumbani na begi lake, anafika kwenye lifti. Mpenzi wake Sean Combs, yule tajiri wa muziki aitwaye Diddy, anatokea mbio, taulo kiunoni, anamkamata, anambwaga sakafuni, anampiga mateke akiwa pale chini, kisha anaanza kumburuta kumrudisha alikotoka.

Sasa mtu anieleweshe. Tumemwona mwanamke akiondoka. Begi analo mkononi na kwenye lifti kashafika. Halafu kesi ya jinai dhidi ya Combs ilipoanza kusikilizwa New York mwaka 2025, swali lililotawala midomoni mwa watu likawa: kama alikuwa anateswa, kwa nini hakuondoka? Nimelisikia kazini, nimelisikia njiani, nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, wengine wana mabinti. Nikilijibu kwa mdomo huwa napandisha sauti na mazungumzo yanaharibika, kwa hiyo usiku huu nimeamua kuliandika.

Kwanza tukumbuke huyu mwanamume alikuwa nani kwake. Cassie alikuwa na miaka 19 aliposaini mkataba wa albamu 10 na kampuni ya muziki ya Combs, aliyemzidi miaka kama 17. Albamu iliyotoka ni moja, mwaka 2006, basi. Mapenzi yakaja baadaye, lakini mkataba ulitangulia. Maana yake mpenzi ndiye bosi, na bosi ndiye anayeamua kama wimbo uliorekodi utasikika au utaozea studio. Kodi ya nyumba analipa yeye. Cassie mwenyewe aliieleza mahakama kwamba akimuudhi Combs, simu inachukuliwa, gari linachukuliwa. Mtu wa namna hiyo mkigombana usiku, asubuhi huna kazi, huna pa kulala, na huna simu ya kumpigia mama yako.

Na ile video yenyewe? Mlinzi wa hoteli alitoa ushahidi kwamba aliiuza kwa Combs kwa dola 100,000 taslimu. Ndiyo maana ilikaa gizani miaka minane. Ilipoibuka, waendesha mashtaka wa Los Angeles wakasema muda wa kumshtaki kwa tukio lile ulikuwa umeshapita kisheria. Nguvu ya pesa ni hiyo. Inanunua muda, na muda ukiisha, kosa linabaki kuwa simulizi tu.

Najua jibu la haraka la wengi, kwa sababu nimeambiwa usoni: "Alikuwa anakula raha zake." Ndege binafsi, mavazi, sherehe, picha za kutamanisha. Mawakili wa utetezi walilitumia hilo vizuri sana. Walisoma mahakamani jumbe zake za mapenzi kwa Combs, nyingine tamu kabisa, na Cassie, mjamzito wa miezi mingi, akatoa ushahidi siku nne, na zamu ya utetezi ilipofika akaulizwa ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hawakukana kwamba alipigwa. Waliuliza tu, kwa lugha ya kistaarabu, mbona alikuwa anaandika "nakupenda".

Mimi sitaki kumtetea kwa uongo. Naamini kabisa zilikuwepo siku alizofurahi, na naamini alimpenda. Sioni kwa nini hilo liwe ajabu. Mwaka 1981 wanasaikolojia Donald Dutton na Susan Painter waliandika kuhusu namna mtu anavyofungamana na anayemtesa, na walitaja mambo mawili: mmoja awe na nguvu kubwa kuliko mwenzake, na ukatili uje kwa vipindi, ukipishana na wema. Kipigo kisichokoma kingemfukuza mtu yeyote. Kinachofunga ni kile kipindi cha baada ya kipigo, pale mtu mwenye uwezo wa kukuangamiza anapopiga magoti, anaomba msamaha, analia machozi ya kweli, anakuletea zawadi. Unajiona umeokolewa, na aliyekuokoa ni yule yule. Ukichukua jumbe za kipindi hicho peke yake ukazisoma mahakamani, bila shaka zitasomeka kama barua za uchumba.

(Naandika "mwanamke" kwa sababu ndizo habari nilizonazo mkononi. Wanaume wanaoteswa na wake au wapenzi wenye nguvu wapo, na kwao swali huulizwa kwa kicheko, jambo ambalo sijui kama si baya zaidi.)

Nina mtu wangu wa karibu, nitamwita Dada, ambaye yaliyomkuta hayana kamera. Amenipa ruhusa niandike, na mambo ya kumtambulisha nimeyaondoa. Mume wake alikuwa mtu mkubwa, wa kuitwa "mheshimiwa" hata na waliomzidi umri. Watu hufikiri mwanamume wa aina hii humfungia mke ndani, lakini huyu hakumfungia mtu. Alichofanya ni kuwa mwema kwa kila mtu anayemhusu mkewe. Ada ya mdogo wake wa kiume alilipa yeye. Baba mtu alipolazwa, bili ilishalipwa kabla ukoo haujakaa kikao. Shemeji akitafuta kazi, inapigwa simu moja tu. Ndani ya miaka michache hapakuwa na mtu katika familia ile ambaye hakuwa na deni la shukrani kwake. Kwa hiyo Dada alipokwenda kwao usiku na mdomo uliopasuka, alikuta watu wanaompenda sana lakini wote wanakula mkononi mwa aliyempasua.

Kikao kiliitishwa. Mume alikuja, akakaa kiti cha chini kuliko wazee, akaongea polepole. Akasema, "Nimekosa, wazee wangu, hasira zilinizidi, na kazi zangu mnazijua." Shangazi mtu akamgeukia Dada: "Mwanangu, mwanamume anayejua kuomba radhi mbele za watu ni wa kumshukuru Mungu." Kesho yake asubuhi Dada akarudishwa, na aliyembebea begi hadi kwenye gari ni mdogo wake yule yule anayelipiwa ada.

Nilipomuuliza, miaka mingi baadaye, kama aliwahi kufikiria kuondoka, alinitazama kama nimemuuliza kama aliwahi kufikiria kula. Akasema, "Niliondoka mara ngapi? Nyinyi ndio mlikuwa mnanirudisha."

Alinieleza pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mabishano yetu. Mumewe alikuwa hamtishi kwa maneno makali. Alimwambia, kwa utulivu, wakiwa wamekaa sebuleni: "Ukitoka, sitakufuata. Nitapiga simu tu." Hakusema atampigia nani, na hakuhitaji kusema. Dada akakaa akihesabu mwenyewe: atampigia bosi wangu, atapiga shuleni kwa watoto, atapiga polisi kabla mimi sijafika, na watamsikiliza yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliyekuwa nikimwona kwenye sherehe, kavaa vizuri, simu yake ameiweka mezani kioo juu na anaigusa kila inapotetemeka hata kama ni tangazo la mtandao, nilidhani ana shughuli nyingi.

Kuna na hofu nyingine, ya kufa. Wanaouliza "kwa nini hakuondoka" huwa wanadhani kuondoka ndiyo mwisho wa hatari. Jacquelyn Campbell na wenzake walichunguza mauaji ya wanawake waliouawa na wenzi wao katika miji 11 ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Moja ya mambo yaliyopandisha hatari ya kuuawa ni mwanamke kumwacha mwanamume aliyekuwa akimdhibiti sana. Kuwahi kukabwa koo ni jambo jingine. Nicole Brown aliachana kisheria na O.J. Simpson, nyota wa zamani wa futiboli ya Marekani, mwaka 1992. Oktoba 1993 alikuwa kwenye simu ya dharura akiomba polisi waje, Simpson akisikika anafoka. Juni 1994 aliuawa. Mahakama ya jinai ilimwachia Simpson mwaka 1995, ile ya madai ikamwona anawajibika kwa kifo hicho mwaka 1997, na mabishano ya kesi hizo mbili hayajaisha mpaka leo. Kwangu mimi inatosha kukumbuka kwamba mwanamke yule alikuwa ameshaondoka.

Nikisema hivi huwa naulizwa, "Basi wakae?" Hapana. Wapo wanaotoka wakapona. Mwimbaji Tina Turner alitoka Julai 1976, Dallas, amevimba uso, mumewe Ike amelala hotelini. Alivuka barabara kuu kwa miguu usiku akiwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari, akaomba chumba kwenye hoteli nyingine, na meneja akampa. Hadithi hii hupendwa sana, na mimi naipenda, ila watu huishia pale kwenye senti 36. Wakati ule alikuwa nyota anayejulikana duniani. Nyimbo zake zilikuwa zimeshauzwa kwa mamilioni, naye mfukoni hana hata nusu dola. Nani alikuwa anashika fedha? Hata jina "Tina Turner" alilibuni Ike, akalisajili, ili huyu akiondoka aweke mwingine aitwe hivyo hivyo. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, Tina alitoka na madeni ya maonyesho yaliyovunjika, na alichokipigania kubaki nacho ni lile jina. Ilimchukua miaka mingine sita hivi kurudi kileleni.

Na alikuwa na sauti ile. Dada hana sauti ile.

Sheria nazo zimechelewa kuelewa, ila baadhi zimeanza. Uingereza na Wales zilifanya kuwa kosa la jinai, kwa sheria ya mwaka 2015, kumdhibiti na kumshurutisha mwenza kwa mfululizo wa vitendo, hata kama hapana kipigo. Adhabu yake hufika miaka mitano jela. Kumnyima fedha, kumtenga na ndugu, kumfuatilia kila aendako, vyote vinahesabika. Napenda namna sheria hiyo inavyoangalia mambo: inamtazama anayedhibiti na kuorodhesha anachofanya. Swali la kwa nini mwingine alibaki halina kifungu. New York walienda njia nyingine. Kuanzia Novemba 2022 walifungua mwaka mmoja wa watu wazima waliodhulumiwa kingono kushtaki hata kama muda ulikuwa umepita, na Cassie alifungua madai yake Novemba 2023, mlango ukikaribia kufungwa. Yalimalizwa nje ya mahakama siku moja baadaye. Baadaye alisema mahakamani kwamba alilipwa dola milioni 20, na hapo tena nikasikia: "Ahaa, kumbe pesa." Yaani asipolipwa ni mwongo, akilipwa ni mtafuta pesa.

Combs alikutwa na hatia Julai 2025 kwa makosa mawili ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba, akaondolewa hatia kwa mashtaka mazito zaidi ya usafirishaji wa watu kwa ngono na kuendesha genge la uhalifu. Oktoba akahukumiwa miezi 50. Watu wamelisoma hilo kila mmoja kwa matakwa yake, na sitalirefusha.

Kinachonikaa kichwani ni wanaotusikiliza. Tunapomjadili mwanamke maarufu, hatusikii. Yeye yuko mbali. Lakini kwenye kila chumba tunamojadili huwa kuna mtu amenyamaza, anakunja kitambaa, anapima. Dada alikuwa hivyo. Aliniambia kila kashfa ya mtu mkubwa ilipotokea alikuwa anawasikiliza ndugu zake kwa makini ili ajue siku yake ikifika nani atasema nini. Aliwajua wote. Alijua nani atasema "alikuwa anafaidi", nani atasema "ukweli wa ndoa wanaujua wawili", nani atauliza ushahidi. Alikaa miaka mingine kwa sababu ya mazungumzo ambayo sisi tulidhani ni ya kupoteza muda.

Katika kesi ya Combs wasaidizi wake wa zamani walikuja kueleza ukatili waliouona wakiwa kazini. Nilifuatilia watu walivyowapokea. Kwa Dada pia alikuwepo dereva. Alikuwa anampeleka hospitali, anamsubiri, anamrudisha, na alikuwa anajua kila kitu. Tulimfahamu sote, na sijawahi kumsikia mtu hata mmoja katika familia akiuliza kwa nini yule dereva hakuacha kazi. Ana watoto, ana mshahara, na bosi wake anajuana na kila mtu. Hilo tulilielewa papo hapo, bila kuelezwa.