Nilivyotafuta chanzo cha nywele kuninyonyoka baada ya miaka 60

Mwanamke aliyevuka miaka 60 akilalamika kwamba nywele zinampungua, anaambiwa kuwa huo ndio uzee. Jibu hilo lina ukweli, kwa sababu hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni hushuka, na kwa wengi, hasa walio na hali hiyo katika ukoo, unywele huzidi kuwa mwembamba na njia ya katikati ya kichwa hupanuka. Mimi sikuridhika nalo, maana upungufu wa umri huja polepole kwa miaka, ilhali zangu zilikuwa zikitoka kwa vishungi kila nilipochana, na kichwa kizima.

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida; zangu zilizidi hapo kwa mbali. Msusi wangu wa Temeke ndiye aliyezitazama kwa makini akasema, "Mama, hizi hazikatiki, zinang'oka na mizizi yake." Zinazokatika katikati mara nyingi zimechoshwa na dawa ya kulainisha au na moto, lakini zinazotoka nzima, zikiwa na kinundu cheupe kwenye ncha, zinaelekeza zaidi ndani ya mwili. Alikataa kunisuka rasta mpaka nionane na daktari wa ngozi, nami namshukuru kwa kukataa kule.

Daktari alianza kwa kutafuta kovu. Alinieleza kwamba uko ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi, unaoanzia utosini na kutanuka kwa duara, wakati mwingine kwa muwasho na maumivu, ukiua vishina vya nywele na kuacha ngozi laini inayong'aa. Hata misuko ya kubana, ikiendelea miaka mingi, huweza kuua vishina vya pembeni mwa uso. Kishina kilichokufa hakioti tena, na kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Kwangu kovu halikuwepo. Aliuliza pia kuhusu homa kali, upasuaji au msiba, kwani mshtuko wa mwili huangusha nywele miezi 2 au 3 baadaye, wakati mgonjwa ameshausahau.

Majibu ya damu yalionyesha kwamba tezi ya thairoidi ni nzima, lakini wingi wa damu umeshuka kidogo na akiba ya madini ya chuma iko chini sana, jambo linaloweza kuangusha nywele. Nilidhani nitaandikiwa vidonge vya kuongeza damu niende zangu nyumbani. Yeye aliweka kalamu chini akauliza, "Mama, hedhi ilishakoma zamani; sasa hiyo damu inapotelea wapi?" Naliona swali hilo kuwa kiini cha habari yote, kwa sababu kwa mwanamke wa umri wangu upungufu wa chuma huweza kuwa dalili ya damu kuvuja tumboni au kwenye utumbo, na vidonge pekee vingeificha. Nilikuwa nikimeza diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya magoti, dawa ambayo huweza kuchubua tumbo. Nilipelekwa kwenye kipimo cha mpira wenye kamera, vikaonekana vidonda vya tumbo. Vilitibiwa, na kwa magoti nikapewa dawa ya kupaka na mazoezi.

Vidonge vya chuma navyo vilikuja na masharti. Chai huzuia chuma kufyonzwa, hivyo nilivitenga na chai ya asubuhi, nikavimeza kwa maji ya machungwa.

Baada ya miezi kadhaa kitana kilianza kutoka na nywele chache, kisha vinyweleo vifupi vikajitokeza juu ya paji la uso. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo subira haikwepeki. Utosini bado pamebaki pepesi. Daktari anasema sehemu hiyo ndiyo ya umri, na kwamba minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, huweza kusaidia, ingawa mwanzoni huongeza kunyonyoka na faida yake hupotea mtu akiiacha. Nimeamua kuijaribu, akiba ya chuma ikisharudi mahali pake.