Jinsi nilivyopata tafiti za kweli kuhusu selimundu

Nilitafuta tafiti kuhusu selimundu, lakini injini ya kawaida ya utafutaji mtandaoni ilinimwagia matangazo ya virutubisho na makala zilizonakiliana. Nikahamia PubMed, hifadhidata ya tafiti za tiba ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyo bure kwa umma tangu 1997. Niliandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, nikachuja majaribio ya kitabibu yenye matini kamili ya bure. Kichujio hicho, kwa maoni yangu, ndicho kinachookoa muda kuliko vyote.

Makala moja muhimu ilitaka malipo. Google Scholar, injini ya kutafuta makala za kitaaluma, kupitia kiungo cha matoleo mengine, ikanionyesha nakala halali iliyowekwa na chuo cha mwandishi. Ukurasa mmoja wa wavuti uliotajwa humo ulishafutwa. Nikabandika anwani yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za wavuti, nikausoma wote.