Jinsi nilivyoacha kukatwa maksi kwenye usemi wa taarifa

Kila zoezi la Kiingereza la kuripoti maneno ya mtu, kama “I am coming tomorrow,” nilikuwa naandika “She said she is coming tomorrow.” Kosa!

Jioni moja, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, bibi akaniuliza, “Mamako kasemaje?” Nikamjibu, “Alisema anakuja kesho.” Nikashtuka. Kiswahili kinaiacha “anakuja” vilevile, Kiingereza cha mtihani kinakirudisha kitenzi nyuma hatua moja: “She said she was coming the next day.” Mimi nilikuwa nabadili nafsi tu.

Sasa napigia mstari nafsi, kitenzi na neno la wakati kabla ya kuandika. Maswali ndiyo yalinitesa zaidi: “Where do you live?” inakuwa “He asked me where I lived.” Ile “do” naitupa, na alama ya kuuliza pia.