Likizo ndefu, mfuko mtupu na zile kazi za risachi zenye hela

Kila ikifika mwezi wa tano inboksi yangu inajaa madogo wa MD, wanaosomea udaktari, wanauliza swali lile lile, kaka unapataje zile kazi za risachi za likizo, maana bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likizo haliingii na ukirudi nyumbani mshua anakukabidhi jembe. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika hapa mara moja tu.

Kwanza acheni kugugo kwa Kiingereza. Utaletewa ile ya NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani kule Bethesda, posho ya maana kabisa, unasoma huku unachekelea, unafika chini wanakwambia uwe raia wao au uwe na makazi ya kudumu. Mimi nilishaandika barua ya maombi kurasa mbili kabla sijafika huko chini, usiku mzima umeenda. Na wenyewe wanahesabu kiangazi chao, sisi muda huo tuna kipupwe. Kwa majirani Kenya, pale Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome wana internship inayoeleweka ila wanataka mtu aliyeshamaliza digrii, so wewe wa mwaka wa tatu tulia.

Hela ya mwanafunzi wa Bongo iko kwa maresidenti, madaktari wanaosomea ubingwa. Ndiyo, hao hao wanaokuumbua kwenye raundi mbele ya wagonjwa. Kila anayesoma MMed, hiyo digrii ya ubingwa, lazima afanye dizatesheni, yaani utafiti wake wa kumalizia, na huyo mtu ana wodi, ana zamu za usiku, ana watoto, hana muda wa kukaa masjala kufunua mafaili mia tatu. Anahitaji msaidizi na hatangazi popote, anaulizia tu kwa manesi nani ana mwandiko unaosomeka. Wa kwanza nilimpata raundi imeisha, namsaidia kubeba mafaili, nikamuuliza dokta, data umeshaanza kukusanya? Akasimama palepale koridoni, "Dogo, ODK unaijua?" Nikasema naijua. Nilikuwa siijui. Usiku huo nikaidanlodi, kumbe ni programu ya kujazia madodoso kwenye simu, nikatengeneza dodoso la kumhoji rumumeti wangu kuhusu ulaji wake wa chipsi, asubuhi nikawa naijua kweli. Nyie msidanganye kama mimi, jifunzeni mapema, ni bure, na kozi ya GCP, ile ya taratibu za kufanya utafiti kwa wagonjwa, nayo ni bure mtandaoni pale Global Health Network, mnapata na cheti cha kuweka kwenye sivii.

Kazi ya masjala inachosha, sitawadanganya, vumbi, kurasa za vipimo zimechanika, umri wa mgonjwa umeandikwa "mtu mzima" basi. Mimi napenda ya kijijini. Likizo moja tulikuwa Bagamoyo, huko ndo moja ya sehemu chanjo ya malaria ya RTS,S ilikojaribiwa, so watu wameshasomewa sana makaratasi ya ridhaa. Bibi mmoja namsomea kurasa nne kakaa kwenye mkeka kafumba macho, nikajua kasinzia, nilipofika pale pa unaweza kujitoa muda wowote bila kupoteza haki yako akafumbua, "Hapo rudia, mjukuu wangu." Nikarudia. Akamwita jirani aje awe shahidi ndo akaweka dole gumba. Mpaka leo sijamwona daktari anayesikiliza karatasi ya ridhaa kama yule bibi.

Sasa yaliyonikuta. Mwaka wa nne mradi fulani uliniahidi kazi Agosti yote, nikaacha kwenda nyumbani, nikalipa kodi ya geto, nikakaa nasubiri kibali cha maadili kitoke, bila hicho utafiti hauanzi, kila wiki naambiwa wiki ijayo. Kumbe maombi yenyewe hata hayakuwa yamepelekwa! Kibali kimetoka chuo kinafunguliwa, wakachukua watu wengine, mimi hata nauli sikupewa. Tangu hapo siulizi mtu anatafiti nini kabla sijauliza kibali kiko wapi. Halafu nauliza nalipwa kwa siku au kwa dodoso, maana ukilipwa kwa dodoso utakuta mwenzako kajikalia chini ya mwembe anajaza majibu ya watu ambao hajawaona, na wewe unayezunguka na jua unaonekana mvivu. Bosi akija kupiga namba za simu kuhakiki, mnaitwa wote. Nauli na vocha za bando nani analipa, hilo nalo uliza siku ya kwanza, usione aibu, ukiona haya utatembea.

Muda wenyewe ndo huu, usingoje likizo ifike. Maresidenti wakiwa wanadifendi proposali, yaani wanatetea mpango wa utafiti wao, ukumbini kwa kawaida hamna mwanafunzi hata mmoja wa MD. Nenda kakae viti vya nyuma, andika nani anatafiti nini na anahitaji wagonjwa wangapi, wakitoka mfuate mlangoni. Hakuna atakayekuuliza umefuata nini, na mara nyingi kuna sambusa.