Bado Unasikiliza Hizi?

Tangu Jumapili sentensi moja ya kaka yangu, Baba Hawi, imekataa kutoka kichwani. Naiandika hapa, pengine itaniachilia nilale.

Tulikuwa Barabara ya Jogoo tukitoka kwa Mama, Buruburu, foleni imesimama pale City Stadium. Mimi nyuma na watoto. Nilikuwa nimeunganisha simu yangu na redio ya gari nikaweka Funeral, albamu ya bendi ya Arcade Fire. Kinanda cha mwanzo hakijakaa sawa, Baba Hawi akasema bila kugeuka: "Atis, bado unasikiliza hizi? Mimi nilidhani umekua." Akaizungusha sauti chini kwa kidole gumba, polepole, mpaka ikabaki ngoma peke yake, halafu akarudisha stesheni yake, watu wawili wanabishana bei ya mafuta. Mama Hawi akacheka kidogo. Hawi akaniuliza, "Auntie, ni kina nani hao?" Nikamwambia nitamweleza nyumbani.

Nilidhani umekua.

Angelisema mtu mwingine, ningelisahau kabla ya kufika Muthurwa. Lakini ni yeye aliyenipa albamu hiyo. Mnaonisoma tangu zamani mnaijua ile CD: ameandika jina kwa kalamu ya kijani, herufi zinazidi kuwa ndogo kadiri nafasi inavyoisha. Alikuwa chuo, anakesha saiba kwa sababu usiku ilikuwa bei rahisi, na akija nyumbani wikendi ananiletea muziki. Siku hiyo aliniambia, "Sikiliza yote, usiruke wimbo hata mmoja." Nilitii. Sijaruka mpaka leo.

Wiki hii kazini tumeambiwa idara yetu inavunjwa na kuunganishwa na nyingine, na mahari ya binamu yetu hatimaye imepelekwa, watu wakala wakashiba. Mimi niko tu Barabara ya Jogoo, nampa Baba Hawi majibu ambayo sikumpa.

Jibu la kwanza ni hili: ile si albamu ya utoto. Ilitolewa mwaka 2004 na Merge, lebo ndogo ya huko North Carolina, na bendi yenyewe ni ya Montreal, Kanada. Waliiita Funeral kwa sababu wakati wa kuitengeneza walikuwa wanazika jamaa zao, mmoja baada ya mwingine. Nyimbo nne humo zinabeba jina la mtaa, namba moja hadi nne. Namba tatu ni ya stima kupotea. Sikuhitaji kuona theluji ndiyo niielewe hiyo. Aliyelelewa Eastlands anaijua giza ya mtaa mzima na vile watoto wanavyopiga kelele stima zinaporudi. Halafu kuna wimbo wa mwisho, anaouimba Régine Chassagne, wa mtu aliyezoea kukaa kiti cha nyuma garini wakati wenye gari wanazidi kupungua. Niliusikiliza nikiwa mdogo nikaupenda kwa sababu ya sauti yake. Baada ya kumzika Baba niliusikiliza tena, na nikashindwa kuumaliza. Kukua ndiko kulikonifungulia wimbo huo, Baba Hawi. Na Jumapili kiti cha nyuma nilikuwa nimekikalia mimi.

Zile albamu nyingine ninazozipenda naweza kuzijadili bila kupandisha sauti. For Emma, Forever Ago ya Bon Iver naipenda. Justin Vernon alijifungia kwenye kibanda cha babake porini Wisconsin, wakati wa baridi, akatoka na nyimbo. Lakini ni albamu ya mtu mmoja, na inakutaka uwe peke yako. Funeral inaita nyumba nzima ije iimbe. Ile ya kwanza ya Vampire Weekend, ya 2008, ina gitaa safi lenye harufu ya Kongo, na mikono yao ni myepesi, sibishi. Nikimaliza kuisikiliza, hata hivyo, huwa nataka kuwasikia wenye gitaa lenyewe.

Ndiyo maana Alhamisi, Mama alipokuja kulala kwangu kwa ajili ya kliniki, nilikuwa nimeweka Ok-Oyot System, albamu ya bendi ya Extra Golden. Nilikuwa bado nimenuna. Mama alikuwa anakata sukuma. Wimbo ukafika pale benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, hufika, waimbaji wanakaa pembeni gitaa linaachiwa njia, na kisu kikasimama.

"Atieno, huyo wa gitaa ni mtu wa kwetu."

Nikamwambia wawili ni wa kwetu na wawili ni Wamarekani. Kwamba Ian Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga, akakutana na Otieno Jagwasi, wakaanza kupiga pamoja, na lebo ya Thrill Jockey ya Chicago ikaitoa albamu mwaka 2006. Kwamba Jagwasi hakuiona ikitoka, alifariki 2005.

"Ai yawa," Mama akasema. Akanyamaza, akisikiliza. "Basi hao Wamarekani walikubali kufunzwa. Rudisha mwanzo."

Tuliisikiliza yote. Hasira ilinitoka sijui saa ngapi. Nilijikuta nacheka tu, Mama akitikisa mabega jikoni kwangu na vitunguu vinaungua, akiniambia ni wapi hasa Baba angeliinuka kitini. Muziki wangu ule ule wa kelele za magitaa na lebo ndogo ndogo, na mamangu ndani yake amestarehe kabisa. Akauliza, "Ndugu yako anaijua hii?" Nikasema hapana. "Mtumie."

Nimemtumia, na nimeandika chini: Sikiliza yote, usiruke. Ameona. Hajajibu, na leo sina haraka na jibu lake.

Kitu kingine ndicho kinaninyima usingizi sasa. Mama alipokuwa anapanga dawa zake za presha mezani niliona vidonge vya mwezi huu ni vyeupe. Vya mwezi jana vilikuwa vya pinki, na jina kwenye pakiti si lile. Yeye anasema mhudumu wa duka la dawa alimwambia ni kitu kimoja. Pengine ni kweli. Nimepiga picha pakiti zote mbili, na kesho kabla ya kazi nitapita kliniki nimuulize daktari mwenyewe.